Wakirudi Wazima

Kaka yangu Humaidi alikuwa na ugonjwa wa kuapa kwa talaka. Wanaume wengine huapa kwa Mungu, wengine kwa kaburi la baba yao. Yeye aliapa kwa mkewe. Wakibishana bei ya nta, ataapa. Mtu akisema mvua itanyesha kabla ya Jumatano, ataapa kwamba hainyeshi. Mtaa wetu wa Cheyo ulikuwa umemzoea, kiasi kwamba aliyeshtuka ni mgeni tu. Nasema haya nikiwa dada yake mkubwa, tumenyonya ziwa moja, na wala simsingizii. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo.

Mara nyingi Mungu alimsitiri, jambo likatokea kama alivyoapa. Mara mbili halikutokea. Mara ya kwanza alikuwa Kaliua, anangojea asali yake iliyokuwa ikija kwa reli kutoka upande wa Mpanda. Mvua zilikuwa zimeharibu njia, naye akaapa pale stesheni, mbele ya watu, kwamba treni ikifika siku hiyo basi mkewe kaachika. Treni ikafika magharibi. Mara ya pili alimwambia mzee Ngollo, mrina asali aliyekuwa akimletea mzigo miaka yote, kwamba debe lake limechanganywa na maji ya sukari, na kama si hivyo mkewe si wake. Debe likamiminwa lote mbele ya watu, ikawa asali tupu.

Mara zote mbili Tufaha, ndiye huyo mkewe, aliambiwa akae eda. Na mara zote mbili, kabla eda haijaisha, Humaidi alimrejea kama sheria inavyomruhusu mume. Akamnunulia doti ya kanga, wanaume wakala pilau, mambo yakaisha. Yaliisha kwao. Sheria hairuhusu kurejea mara ya tatu. Talaka ya tatu ikianguka imeanguka, na mwanamke huyo ni haramu kwa mumewe kama mke wa jirani.

Tufaha alikuwa binti wa Bi Batuli wa Kaliua, mjane aliyewauzia abiria vitumbua karibu na stesheni. Aliletwa kwetu kigori, mrefu, mpole, na kwa bahati mbaya Mungu hakuwajaalia mtoto. Mimi nilipofiwa na mume wangu nilirudi kuishi kwa kaka yangu, nikamkuta ameshaishika nyumba vizuri kuliko mama yetu. Wifi na wifi kwa kawaida hawakosi la kugombania, nasi tulijaribu mwanzoni, tukachoka.

Baada ya ile talaka ya debe la asali alimwomba Humaidi amwache kwa heri, aende kwa mama yake. Humaidi akacheka, akamwuliza amemnyima nini. Tufaha akawaendea wazee, mmoja mmoja, na wote walimwuliza maneno yaleyale. Anakupiga? Hanipigi. Anakushindisha njaa? Hanishindishi. Basi una nini? Akawaambia kwamba kila mumewe akibishana na mtu, yeye ndiye anayewekwa rehani. Wazee wakacheka pia. Walimwambia kwamba huo ni mdomo tu, na kwamba mwanamke mwenye akili hamwachi mume kwa sababu ya mdomo.

Kisha likaja Azimio la Arusha. Sina ugomvi nalo, lilikuwa na maneno mazuri, lakini asali ya vijijini ikaanza kununuliwa na ushirika, na wafanyabiashara kama kaka yangu wakabaki kukaa barazani wakihesabu waliopita njiani. Biashara ilipopungua, viapo viliongezeka. Mtu mwenye shughuli huapa mara moja kwa wiki. Asiye na shughuli huapa kabla ya kahawa na baada ya kahawa.

Idi ya mwaka wa sitini na nane iliangukia Desemba, karibu na Krismasi ya Wakristo. Siku ya pili ya Idi walikuja barazani kwetu watu wa siku zote: binamu yetu Ghalibu, aliyekuwa dereva wa lori, na Darwesh, balozi wa nyumba kumi zetu. Walikuwa wameshiba. Redio ya Humaidi ilikuwa dirishani, na ikatangaza kwamba Wamarekani watatu wamerushwa jana yake kwenda mwezini. Hawatatua huko, ilisema, watauzunguka tu kisha warudi.

Ghalibu alipenda chochote chenye injini. Akaanza kueleza mambo ya mafuta na mahesabu, kana kwamba yeye ndiye aliyewajazia tangi. Humaidi akasema kupanda watapanda, lakini kushuka hakuna; mtu hawezi kuuacha ulimwengu alimowekwa kisha akaukuta anaporudi. Ghalibu akasema watarudi. Humaidi akasema hawarudi. Ghalibu akatabasamu, akamwuliza kama hawarudi namna ile treni ya Mpanda ilivyokataa kufika.

Hapo Darwesh akacheka, na huo ndio uliokuwa ubaya wenyewe, maana Humaidi angeweza kuvumilia maneno ya Ghalibu lakini si kicheko cha mtu wa tatu. Akasimama. Mimi nilikuwa ukumbini na sinia la halua, Tufaha nyuma yangu ameshika dele la kahawa. Tulimsikia wote wawili.

"Watu wale wakirudi duniani wazima," alisema, "Tufaha kaachika, na hii ndiyo ya tatu."

Redio ikaendelea na habari za pamba. Darwesh aliinamia kikombe chake. Nadhani hata Humaidi mwenyewe aliyasikia maneno yake baada ya kuyasema, kwa sababu alikaa taratibu akaomba maji. Nilimgeukia Tufaha nikitegemea kumwona analia. Alikuwa anamimina kahawa katika vikombe, na hakumwaga hata tone.

Kuanzia hapo mtaa mzima uliishi na wale watu watatu. Wanawake walikuja kumpa Tufaha pole, na niliwaonea huruma, kwa sababu walikuwa katika mtihani. Walitaka nyumba isivunjike, na ili isivunjike ilibidi wana watatu wa watu wasirudi kwao, na hakuna mwanamke anayeweza kuomba hivyo akiwa na watoto. Basi waliinua mikono wakasema Mungu afanye lenye kheri, wakaondoka haraka.

Tufaha alianza kufunga. Baada ya Ramadhani kuna sita za sunna, wengi hufunga, kwa hiyo sikushangaa. Kila baada ya alasiri alikuwa akikaa kwenye mswala na kusoma Yasini. Siku moja nikaona si vizuri mwenzangu aombe peke yake, nikaenda kukaa nyuma yake nimwitikie. Alipomaliza kusoma akainua mikono, akasema kwa sauti ya chini, "Ewe Mola, warudishe kwao salama."

Nilisema amina kabla sijaelewa nilichokiitikia.

Nilipoelewa nilimwuliza kama anajua anaomba nini. Alikunja mswala, akaniangalia bila haya hata kidogo.

"Wifi," akaniambia, "wazee wote nimeshawaendea. Wamebaki hawa watatu."

Nilikasirika. Humaidi ni damu yangu, na mtu akiomba nyumba ya ndugu yako ivunjike huwezi kumpa mkono. Nilikaa chumbani kwangu nimenuna mpaka wakati wa kufuturu. Lakini hasira yangu ilikosa mahali pa kukaa, maana kila nilipomtafutia Tufaha kosa nilimkuta Humaidi amesimama pale, ameapa. Nilipotoka nilimpa tende.

Kesho yake Tufaha akataka majina ya wale watatu, kwa kuwa dua inataka jina la mtu na la mama yake. Jirani yetu upande wa kisima alikuwa Pelagia, muuguzi wa hospitali ya Kitete, Mkatoliki, msichana mwenye adabu na redio nzuri kuliko yetu. Akatutajia: Bormani, Loveli na Andasi. Majina ya mama zao hakuyajua, akasema redio haijayataja, na alishangaa kwamba tuliyataka. Sheria ina dawa ya hilo. Mtu asiyejulikana mama yake huitwa mwana wa Hawa, kwa sababu huyo ni mama wa wote. Basi Tufaha akawa anamwombea Bormani bin Hawa, na Loveli bin Hawa, na Andasi bin Hawa, na mimi nikaitikia, sasa nikijua ninaloitikia.

Pelagia alituambia kwamba chombo chao kikipita nyuma ya mwezi sauti zao hazisikiki tena, hata kwao Marekani hawajui kama wako hai mpaka watokeze upande wa pili. Hilo lilimtesa sana Tufaha. Mwezi ulikuwa mchanga, unaonekana jioni mawingu yakiachia, naye akisimama uani kuutazama nilijua anawaza ule upande usioonekana. Mimi sikuona kitu pale ila mwezi.

Asubuhi ya Krismasi redio ikasema wameuzunguka vya kutosha, na kwamba walisoma kutoka huko maneno ya kitabu chao, ya jinsi Mungu alivyoumba mbingu na ardhi. Tufaha alifurahi kusikia kwamba wanamjua Mungu. Kisha ikasema wameshawasha injini na wako njiani kurudi. Humaidi alikuwa anakula. Alinyanyuka, akatoa betri kwenye redio, akasema zimeisha, akazitia mfukoni.

Alasiri ya siku hiyo Darwesh alianza kazi. Balozi wa nyumba kumi ni mtu mwenye wajibu. Huandikisha wageni, husuluhisha ugomvi, huwaita watu kwenye mikutano ya chama. Darwesh alipita nyumba zote kumi, akaagiza kwamba habari za mwezi zisitajwe mbele ya Tufaha wala karibu na ukuta wetu. Hata wakirudi, alisema, kwetu hawajarudi. Hakuna aliyebisha. Watu wa mtaa wetu, waliokuwa wakibishana juu ya zamu ya kufagia mfereji, walilishika agizo hilo kwa umoja ambao chama kingejivunia. Watoto waliokuwa wakicheza kwenda mwezini kwa pipa la maji walikatazwa. Ghalibu, mwenye ulimi wa kuwasha, alikuwa wa kwanza kuapa kunyamaza. Wote walidhani wanamlinda Tufaha. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza.

Siku hizohizo nikateleza uani kwenye simenti iliyolowa, nikaanguka vibaya. Kifundo kikavimba, kukanyaga nisiweze. Pelagia akanitazama, akasema mfupa mzima ila mishipa imevutika, nilale. Akawa anakuja kila asubuhi kunifunga bendeji kabla ya kwenda kazini.

Jumamosi alipokuja, Tufaha alikuwa ameshika beseni la maji ya moto. Pelagia aliniamkia, nikamwitikia, akapiga magoti miguuni pangu. Yeye pia alikuwa ameagizwa na balozi. Alifunga bendeji, akamaliza, akaifungua, akaanza kuifunga tena. Tufaha alimngoja. Mwishowe Pelagia akasema akiwa ameinamia mguu wangu.

"Wamerudi, dada. Jana jioni. Waliangukia baharini, wakatolewa wote watatu wazima."

Tufaha aliweka beseni chini. Akageukia kibla akasujudu palepale kwenye sakafu tupu, akakaa huko chini muda mrefu. Pelagia alifanya ishara ya msalaba, nadhani kwa mazoea. Mimi nilikuwa nimelala chali na mguu juu ya mto, nikalia, na sikujua nalia kwa ajili ya Tufaha au ya kaka yangu.

Nilidhani atatoka saa ileile kwenda kutangaza. Akasema hapana. Akitangaza leo, wazee wataitana, watasema Humaidi alikuwa na hasira, watasema redio haina ushahidi, watamchukua kwa mkono na kumrudisha chumbani. Atakaa eda yake kwanza, hedhi tatu, ndani ya nyumba kama sheria inavyotaka, ndipo aseme. Tena alitaka kumpa Humaidi nafasi ya kusema mwenyewe. Aliyeapa ni yeye.

Kisha akaenda chumbani kwake, akarudi na mto na shuka, akatandika sakafuni kando ya kitanda changu. Alimwambia Humaidi kupitia mlangoni kwamba mimi siwezi hata kwenda msalani peke yangu, kwa hiyo atalala kwangu mpaka nipone. Humaidi akasema ni vyema.

Asubuhi hiyohiyo alimpelekea chai. Niliona kwa sababu mlango wangu ulitazama ukumbi. Miaka yote alikuwa akimpelekea mumewe chai kichwa wazi, nywele zake zimesukwa mikia miwili, akampa kikombe mkononi. Siku ile alijitanda kanga mpaka usoni, akaweka kikombe juu ya meza ndogo, akarudi nyuma. Hivyo ndivyo anavyojitanda mwanamke mbele ya mwanamume asiye wake. Humaidi alikitazama kikombe, akamtazama yeye. Nilingoja aulize. Alikunywa chai.

Kwa hiyo Humaidi alijua kwamba Tufaha anajua. Hilo nimelifikiria sana tangu wakati ule. Mtu asiye na ujuzi wa nyumba zetu angedhani kulikuwa na siri. Hapakuwa na siri yoyote. Walijua wote wawili, na mimi nikajua, na mtaa mzima ulijua, na hakuna aliyesema. Siku zikaenda hivyo. Alipika, akala, nasi tukala. Humaidi akiingia ukumbini alikohoa kwanza, kama mgeni, ili Tufaha apate kujitanda. Hakuwahi kuugusa mlango wa chumba changu. Ningependa kusema alikuwa mnafiki, ingekuwa rahisi kwangu, lakini mnafiki angemwita mkewe arudi kitandani. Aliiogopa haramu. Alichoshindwa ni kusema.

Mguu wangu ulipona mwezi wa kwanza haujaisha. Siku moja niliamka nikakanyaga, sikusikia maumivu. Tufaha alikuwa anakunja shuka lake. Aliniona nimesimama, akasimama na yeye, shuka mikononi, na uso wake ukabadilika. Nikaelewa. Dada akipona, anayemuuguza hana sababu ya kulala chumbani kwake. Nikarudi kukaa kitandani, nikamwambia aniletee fimbo.

Nilichechemea miezi miwili. Si kazi ndogo kwa mtu mzima. Unasahau mguu wenyewe ni upi, halafu ukikumbuka umeshavuka ukumbi mzima. Pelagia aliendelea kuja kunifunga bendeji, mguu mzima kabisa, na uso wake hauonyeshi kitu. Na Humaidi, kila Ijumaa akitoka msikitini, aliniletea chupa ya mafuta ya kuchulia. Alisimama mlangoni akaiweka chini.

"Usiharakishe kukanyaga, dada," alikuwa akiniambia. "Miguu ya watu wazima haitaki haraka."

Mara ya kwanza nilicheka alipoondoka. Baadaye sikucheka tena. Alikuwa akiununua ugonjwa wangu. Alikuwa radhi asimguse, asimtazame, akohoe katika nyumba yake mwenyewe, mradi awemo. Nilikuwa sijawahi kumhurumia kaka yangu kiasi hicho, na nilimhurumia huku nikimchukia, vyote pamoja.

Mwezi wa tatu eda ikaisha. Tufaha alikoga, akanijulisha, akapeleka habari kwa mama yake kwa mpishi mmoja wa treni. Bi Batuli akaja. Akamsalimu mkwewe kwa heshima, akamwomba aite sheikh na wale waliokuwa barazani siku ya pili ya Idi.

Wakaja. Wanaume na Bi Batuli walikaa ukumbini. Tufaha na mimi tulikuwa nyuma ya pazia, chumbani kwangu. Sheikh alikuwa mzee mpole, anaishi katika mojawapo ya zile nyumba kumi, na kwa hiyo naye alikuwa ameshatembelewa na balozi. Alimwuliza Ghalibu kama alimsikia Humaidi akitamka talaka ya tatu kwa sharti la wale watu. Ghalibu akasema siku ile walikula sana, hakumbuki. Akamwuliza Darwesh. Darwesh akasema kulikuwa na redio, redio ilikuwa juu. Akawauliza kama wamesikia kwamba watu hao walirudi. Walitazamana. Ghalibu, aliyeweza kukueleza chombo kile kilikuwa na injini za namna gani, akasema habari za huko Marekani hazimfikii.

Walikuwa wanasema uongo kwa upendo. Waliona wanaokoa nyumba ya rafiki yao, na kila mmoja alikuwa akilitupia pazia jicho la kumliwaza Tufaha, kwamba asiwe na wasiwasi, tuko nawe. Nyuma ya pazia Tufaha alinishika mkono.

Sheikh alishusha pumzi, Humaidi mwenyewe hakumwuliza. Akasema shauri hili halina shahidi, na kwamba asili ya ndoa ni kubaki mpaka ithibitike kuvunjika. Kwa hiyo mke arudi chumbani kwa mumewe leo hii, na waliokosana wasameheane. Bi Batuli alijifunika uso. Humaidi hakuinua kichwa.

Nilisimama. Niliiacha fimbo kitandani, nikatoka nyuma ya pazia, nikauvuka ukumbi wote kwa miguu yangu miwili mpaka mbele ya sheikh. Nikasema kwamba mimi nilisikia, na kwamba aliapa.

Sheikh akanijibu kwa upole kwamba mimi ni mwanamke, tena mmoja, na sheria ina idadi yake. Nikamwambia najua. Nilimgeukia kaka yangu.

"Humaidi, mguu wangu umepona tangu mwezi wa kwanza, na wewe unajua. Miezi miwili umeniletea mafuta. Ulikuwa unauguza nini?"

Alitazama miguu yangu. Ghalibu alimwekea mkono gotini, mkono wa kumwambia anyamaze tu, limekwisha. Angenyamaza, lingekwisha kweli. Nyumba ingebaki yake, mtaa ungekula pilau, na Tufaha angelala chumbani kwake siku ile na siku zote. Nilikuwa nimeshamaliza nilichokuwa nacho. Uso wa kaka yangu ulikuwa wa mtu aliyezeeka. Akautoa mkono wa Ghalibu taratibu.

"Walirudi," akasema.

"Kina nani?" sheikh akauliza.

"Wale watatu. Nilisikia Ijumaa ileile. Wako kwao, na wake zao."

Hakuapa. Miaka yote nimeishi na kaka yangu, na hilo ndilo neno la kwanza nililomsikia akilisema bila kulitia kiapo, na hapakuwa na mtu ukumbini ambaye hakumwamini. Sheikh akafunga kitabu chake. Tufaha akatoka nyuma ya pazia amejitanda, sanduku lake kichwani, akapita mbele yetu kwenda kuiwahi treni.